Kisulisuli cha Mkono wa Kushoto

Batiki haina mgongo. Kitenge kina uso na kina mgongo, na fundi yeyote anaujua kwa kupitisha kidole tu; ukikikosea, maua yanafifia na mteja anakurudishia gauni lake huku amenuna. Lakini batiki imeinywa rangi mpaka ndani. Igeuze, igeuze tena, ni ile ile. Mimi nashona nguo pale Mikumi, kando ya barabara kuu, tangu sijaolewa, na jambo hilo nililijua siku zote bila kulifikiria. Nilikuja kuliona kwa macho yangu kwenye sakafu ya mama, Kilosa, mwaka mdogo wangu alipoolewa.

Mama ndiye aliyekuwa akitengeneza batiki. Uani kwetu kulikuwa na jiko la mkaa, juu yake sufuria ya nta, na pembeni ndoo za rangi zilizopangwa ukutani. Aligonga nta kwenye kitambaa kwa sponji aliyoichonga kwa wembe, kisha akakizamisha chote ndooni. Sisi watoto tulikatazwa kusogea kwa sababu ya dawa aliyochanganya na rangi, na kila mara tulikuwa hapo hapo. Kitambaa kilitoka kikiwa kijani. Mama akakitundika kambani, na hewa ilipokipiga kikaanza kugeuka bluu tukikitazama, kuanzia juu kinashuka, taratibu, bila mtu kukigusa. Tembo wakivuka barabara ya Mikumi nimewaona mpaka nimewazoea, wakati mwingine hata sinyanyui macho kwenye cherehani. Kile kitambaa sijakizoea hadi leo.

Mabaki ya batiki zake aliyatia kwenye kiroba, na kutoka kwenye kiroba hicho alishona mablanketi ya viraka. Ufundi huo aliupata kwa bibi, aliyekulia kule milimani na kufundishwa na wanawake wa misheni kushona vipande vidogo mpaka vikawa mraba, na miraba mpaka ikawa blanketi. Wale wanawake walikuwa na majina yao ya michoro. Bibi na wenzake hawakuyashika, wakaipa michoro majina ya vitu walivyovijua. Mraba wa vipande virefu vilivyolala sambamba wakauita Reli. Wa pembetatu mbili, Paa la Kanisa. Na ule mgumu kuliko yote, wenye vipande vyenye mkia uliopinda, vinavyozunguka kitovu kimoja, wakauita Kisulisuli, kwa ajili ya vile visulisuli vya vumbi vinavyokatiza mashambani wakati wa kiangazi.

Kwetu binti haondoki nyumbani bila blanketi la Kisulisuli. Asubuhi ya kuondoka, mama yake anamfunika nalo mabegani mbele ya wanawake wa ukoo, ndipo anapanda gari. Na blanketi hilo lina mwiko wake. Halipiti kwenye cherehani, wala mtu mwingine hatii hata fundo moja. Linatoka kwenye mkono uliomwogesha binti alipokuwa mchanga, basi. Ndivyo bibi alivyoacha amesema, na mama mkubwa, dada yake mama, alilinda maneno ya bibi kuliko anavyolinda kuku wake, na kuku wake anawalinda kwelikweli.

Langu ninalo. Tulikuwa wawili tu wa kike, na zamu ya mdogo wangu ilipofika mama alianza mapema. Alikata vipande vyote kwanza, akavifunga mafungu mafungu kwa rangi, kisha akaanza kushona. Alikuwa amefika nusu kiharusi kilipompiga.

Upande wake wa kulia ulilala. Nilikuja kutoka Mikumi na gari la asubuhi, nikapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo mama." Alinitazama muda mrefu mpaka nikaogopa. Halafu marahaba ikatoka, vipande vipande, na nilimshukuru Mungu kwa kila kipande. Ule mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, umetulia. Sijawahi kuuona umetulia. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye mraba alioishia.

Mahari ilikuwa imeshapokelewa. Kijana alikuwa wa Tindiga, na kwao walikuwa wanasubiri mpunga uvunwe ndipo waje kumchukua mwenzao. Mdogo wangu akasema yeye bila blanketi la mama haondoki, na alivyolisema ilionekana si maneno ya kudeka.

"Utaondoka na la dada yako," mama mkubwa alimwambia. "Watu wa Tindiga wakishavuna wanataka mke. Hawataki hadithi za sindano."

"Langu limechakaa," nikasema. "Nitamalizia hilo kwa cherehani. Mishono nitaificha. Nani atajua?"

Mama, pale kitandani, alinijibu kwa lugha ya kwao milimani. Sitaitafsiri. Mama mkubwa alicheka mpaka akajifuta macho, na mimi nilinuna hadi jioni. Lakini kicheko kilipoisha sote tulijua tuko pale pale: mkono uliomwogesha mdogo wangu umekufa, na blanketi limebaki nusu.

Nikawa nakuja kila nikipata nafasi. Siku moja nilimkuta amekaa mkekani, kigoda mbele yake, na juu ya kigoda pasi ya mkaa isiyo na moto. Pasi ilikuwa imekandamiza vipande viwili vya batiki. Pembeni kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, na sindano imechomekwa humo, tundu juu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika uzi, unalitafuta tundu. Uzi ukapita kando. Akaulamba, akarudia, ukapita kando. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua, na sivumili kutazama mtu akihangaika. Nikanyoosha mkono. Mama alinitazama tu, nikaurudisha. Nilikaa pale nimefumbata mikono mapajani nikitazama uzi ule, kama natazama mtu akivuka mto uliojaa. Uzi ukapita. Alipiga fundo kwa kidole gumba na meno, akaanza kushona.

Miraba ya kwanza ilikuwa mibaya, tusidanganyane. Mishono ilitapakaa kama nyayo za kuku. Aliifumua mwenyewe, akaishona upya, akaifumua tena. Wiki zikaenda. Mpunga ulipoanza kubadilika rangi, mishono yake ilikuwa imenyooka kiasi kwamba mimi, fundi, nilivaa miwani kuitafuta.

Na ndipo nilipoona kosa. Visulisuli vya mama tangu nimezaliwa vinazunguka kuelekea kulia. Mraba niliokuwa nao mkononi ulizunguka kushoto. Nikachukua wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto. Alikuwa anageuza kila kipande, upande wa chini unakuwa juu, ndipo anakishona, na mkia wake unaelekea upande usio wake. Kwa kitenge kosa hilo lisingetokea, mgongo wa kitambaa ungemsuta palepale. Hilo ni kosa la watu wa batiki peke yao. Nikajua ugonjwa umepanda kichwani. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, nikanawa uso, nikarudi na wembe wa kufumulia.

"Mama, umegeuza."

"Najua."

"Vyote umegeuza."

Akaweka sindano chini, akatafuta maneno. Siku hizo maneno yake yalikuja moja moja. "Nikishonea kushoto, mkia unagonga pasi. Nikiugeuza, haugongi." Akanyanyua kipande cha rangi ya zambarau, akakizungusha mbele ya uso wangu, upande huu, upande huu. "Batiki haina mgongo."

Nilirudisha wembe kwenye kopo lake. Kichwa chake kilikuwa kizima kuliko changu.

Mama mkubwa hakuridhika. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele na mdogo wangu. "Geuza usigeuze, huo ni mkono wa kushoto," alisema. "Mtu akinipa hata chumvi kwa kushoto namrudishia. Mwari atafunikwaje na kazi ya kushoto? Na huo siyo mkono uliomwogesha. Mama yetu alisema mkono uliomwogesha."

Mama aliokota sindano yake. Mdogo wangu aliendelea kuchambua mchele, ila nikaona anatupa mchele na kubakiza mawe. Toka siku hiyo hakuuliza tena blanketi limefika wapi. Aliogopa likamilike halafu lisihesabike.

Mraba wa mwisho ulipounganishwa, mama alitaka kuliona lote kabla hajalitia blanketi kuukuu katikati na kitambaa cheupe cha marekani chini. Tukatoa viti, tukatoa meza, tukafagia sakafu, tukalitandika. Nilikuwa na maneno mdomoni, nadhani nilitaka kusema kona moja imepinda. Badala yake nilikaa chini.

Nusu yote ya juu ilizunguka kulia. Nusu yote ya chini ilizunguka kushoto. Bluu ya ule uani wetu ilikuwamo, na zambarau, na rangi ya ubuyu, na manjano iliyopasuka mishipa pale nta ilipovunjika, na zote zilikuwa zinakwenda, za juu zinakwenda huku, na za chini zinakwenda kule. Na katikati, pale mstari wa mwisho wa mkono wa kulia ulipogusana na mstari wa kwanza wa mkono wa kushoto, mikia ilikuwa imekutana. Kila miwili ilifanya umbo moja, kama jani lililokuwa limekunjwa likakunjuliwa, na majani hayo yalipita kutoka pindo hadi pindo. Mchoro huo haukuwa na jina. Bibi hakuupa jina kwa sababu hakuwahi kuuona. Mimi nakata nguo kila siku ya Mungu, ningepewa mwaka mzima na karatasi na rula nisingeubuni. Na mama alikuwa amekwepa tu pasi.

Nilihisi baridi mikononi. Niliwahi kuhisi hivyo nilipomshika mtoto wangu wa kwanza, na ukubwani sikumbuki mara nyingine. Mdogo wangu alikuwa amesimama na ufagio, machozi yanamtoka na hayafuti. Hata mama mkubwa alilizunguka lile blanketi lote, amekunja mikono nyuma. Alipofika pale katikati alisimama. Kisha akasema tulitoe sakafuni lisije likachafuka, akatoka nje.

Asubuhi ya kuondoka gari la Tindiga lilifika mapema. Wanawake walijaa uani, wengine kutoka Chanzuru, wengine wameteremka milimani tangu jana yake. Mama tulimkalisha kwenye kiti chenye mikono. Mama mkubwa alisimama kando yake na blanketi limekunjwa kifuani, na nilipomwangalia nikajua amekuja na uamuzi wake.

"Nitamfunika mimi," alisema. "Mimi ni mama yake vilevile, na wangu wa kulia ni mzima."

Mdogo wangu alinigeukia.

"Lete," mama akasema.

Mama mkubwa akaliweka mapajani kwa mama. Mdogo wangu akapiga magoti mbele ya kiti, ameinamisha kichwa. Mama alishika pindo kwa mkono wa kushoto, akalirusha juu ya bega moja. Likakaa. Akalivuta kuelekea bega la pili, likateleza, likaanguka. Akalivuta tena, likateleza tena. Mwiko ni wa kushona, si wa kufunika, lakini hakuna aliyethubutu kusogea.

"Mdogo wangu," mama mkubwa alimwambia mama kwa sauti ya chini, na haikuwa sauti ya ugomvi. "Huo ni wa kushoto."

Mama aliacha kuvuta. Ule mkono ukapanda, ukaingia chini ya blanketi, ukatulia nyuma ya shingo ya mdogo wangu, vidole vimefunguka, kama unashika kitu kisicho na mifupa.

"Nilipokuwa namwogesha," alisema, neno moja, kisha jingine, "wa kulia ulikuwa unasugua tu. Huu ndio ulioshika shingo. Asizame."

Mdogo wangu hakunyanyua kichwa. Niliona mabega yake yanatikisika chini ya visulisuli, vya kulia na vya kushoto. Mama mkubwa akainama, akaokota ile ncha iliyoanguka, akaipandisha taratibu kwenye bega la mwari. Aliipandisha kwa mkono wake wa kushoto.