Watu wa Chini ya Ibra

Enzi zetu ardhi ilikuwa na watu ndani yake. Muulize yeyote aliyekuwa mtoto mtaani kwetu Ibra, Oman, katikati ya miaka ya tisini atakwambia, ingawa huenda akacheka kwanza usije ukamwona mjinga. Mimi sioni haya. Niliwaamini watu wale kwa moyo wangu wote, na kwa muda mrefu sikuingia chooni bila mtu kunisubiri mlangoni.

Habari zao tuliletewa na Ami Suleiman, mdogo wake baba, aliporudi kutoka masomoni Amerika, jimbo la Utah. Kurudi kwa msomi siku zile lilikuwa jambo la mtaa mzima. Wageni waliingia na kutoka wiki nzima, sinia za halua na tende zikizunguka, karai la Bibi la mandazi halipoi, na sisi watoto tumejazana miguuni pa ami kiasi kwamba hakuweza kunyoosha goti. Alituhadithia theluji, akatuhadithia milima, kisha akafika kwa Wamormoni, ambao ndio wengi huko. Watu wema, alisema. Wanawaheshimu wazazi, wanazaa sana, pombe hawagusi. Bibi, mama yao akina baba, alikuwa akiitikia kwa kichwa, keshaanza kuwapenda, mpaka ami aliposema kwamba hata kahawa hawanywi.

"Kahawa?" Bibi aliduwaa, dele la kahawa mkononi. "Na chai je?"

"Hata chai, mama."

"Wallahi maskini! Sasa mgeni akiingia wanampa nini?"

Bibi alizaliwa Unguja na akarudi Oman mtu mzima, na kote huko hakuwahi kuona nyumba inayomwacha mgeni atoke na koo kavu. Ami alijaribu kueleza habari ya maziwa na maji ya matunda. Hakusikilizwa.

Ndipo, nadhani ili kubadilisha mazungumzo, akatuhadithia kuhusu ajuza aliyempangisha chumba. Wamormoni wanaamini kwamba yale makabila kumi ya Bani Israil yaliyopotea zamani yalikwenda upande wa kaskazini, na siku moja yatarudi. Wamekaa wapi miaka yote hiyo? Baba yake ajuza yule, mzee wa zamani sana, alikuwa na jibu lake: wamo ndani ya ardhi. Dunia ni tupu katikati, ina jua lake dogo huko ndani, ina mito na miji, na mlango wake ni tundu kubwa lililoko kwenye ncha ya kaskazini, kule kwenye barafu. Siku ikifika watatoka.

"Lakini si wote wanaosema hivyo," ami alisisitiza. "Hata yule ajuza mwenyewe akicheka. Akinambia kanisa lao halifundishi mambo hayo, ni maneno ya baadhi ya wazee tu."

Sehemu hiyo hatukuisikia. Mtoto akishaambiwa dunia ina tundu, masikio yake yanafunga duka.

Kaka yangu Khalfan, ambaye alinizidi miaka miwili na akiniendesha kama anayenilipa mshahara, hakulala na habari ile. Chuoni, kwa maalim wetu wa Kurani, tulikuwa tumefika kwenye habari za Yajuji na Majuji, wale waliozibiwa kwa ukuta na ambao, kama maalim alivyotusimulia, kila siku wanachimba wapate kutoka. Khalfan akapiga hesabu yake. Walioko ndani ya ardhi, wanaosubiri kutoka, ni nani wengine? "Ndio hao hao," aliniambia. "Amerika wanawaita jina jengine tu." Kwa hivyo wazee wa Utah na maalim wetu wa Ibra, ambao hawakuwahi kuonana wala wasingekubaliana hata juu ya kikombe cha kahawa, waliunganishwa na mtoto wa miaka kumi, nami nikaona ni elimu tupu.

Na ushahidi tulikuwa nao. Mfereji wa falaji ulipita chini ya mtaa wetu, ndani kabisa, ukipeleka maji kwenye mashamba ya mitende. Wakubwa walijua hivyo. Sisi tulijua kwamba ukilala kifudifudi mahali fulani karibu na ukuta wa jirani, ukaweka sikio chini, unasikia watu wakizungumza. Tulipanga foleni kusikiliza. Mchanga ulikuwa wa moto, ukitutia alama shavuni, na kila mtoto aliyeinuka aliinuka na neno lake. Mmoja alisikia wanagombana. Binti wa jirani aliapa kwamba amesikia mtoto analia. Mimi nilisikia wanachimba.

Mpaka hapo ilikuwa raha, hofu ile tamu unayoitafuta mwenyewe. Ikageuka chungu siku Khalfan aliponitazama kwa huruma, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasema, "Na baba ndiye anayewatobolea."

Baba alikuwa fundi kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, jangwani huko, mbele ya mji wa Adam. Wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Kazi yake, kama tulivyoielewa, ilikuwa kutia chuma ardhini na kukisukuma mpaka kifike. Kifike wapi, hatukuwahi kuuliza. Sasa nilijua. Siku moja kile chuma kitapenya, na wa kwanza kuonana nao watakapochomoza atakuwa baba yangu.

Baba alipiga simu kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Tulijipanga mbele ya simu ya mezani, mama kwanza, kisha Bibi, kisha sisi, na kila mmoja alipiga kelele maana kwetu jangwa lilikuwa mbali mno kwa sauti ya kawaida. Alhamisi ile simu haikulia. Mama alinyanyua mkono wa simu mara kadhaa kuhakikisha laini ipo. Bibi alivuta tasbihi yake. Maghribi ilipoadhiniwa, nikaangua kilio, nikatapika yote: tundu, jua dogo, Yajuji, chuma cha baba.

Ami Suleiman alinipakata, uso umemwiva kwa haya. Alinieleza upya, taratibu, kwamba ni hadithi. Bibi akamkata.

"Wewe na wazee wako wasokunywa kahawa! Mtoto wa watu kesha kuugua."

Ijumaa ilipita bila ladha, hata wali wa samaki haukuliwa. Jumamosi mchana tukasikia gari ya kampuni ikisimama nje. Baba akaingia kabla ya zamu yake kwisha, vumbi mpaka kwenye kope, macho mekundu, anacheka. Nilisahau hata shikamoo. Nilimrukia shingoni nikang'ang'ania, na sijawahi tena maishani mwangu kushusha pumzi kama ile. Mama alisema tu, "Simu?" Baba akajibu, "Laini ilikatika, khalas, nimekuja mwenyewe."

Alipoelezwa kilichoniliza alicheka hadi akajifuta machozi. Akatoa mfukoni kipande cha mwamba, kimeviringana kama kipande cha muhogo, akaniwekea mkononi. "Hiki kimetoka chini kabisa tulikofika. Gonga." Nikagonga. "Tupu?" akauliza. Hapana, nikasema. "Na chini ya hapo kuna nini?" niliuliza. "Jiwe jengine." Usiku ule nilikwenda chooni peke yangu.

Juzi mwanangu alinionesha video kwenye simu yake, bwana mmoja anaeleza kwamba dunia ni tupu ndani. Nikamuuliza ameyapata wapi. "Mama, huyu mtu kubwa, anafuatwa sana!" Nilitaka kumsahihisha Kiswahili kwanza au dunia, nikashindwa nianze na lipi. Hakulaza sikio kwenye mchanga. Hakuogopa hata kidogo. Alitazama, akasogeza kidole, akaenda kwa paka anayecheza ngoma.

Nikamhadithia baba, sasa amestaafu, nikidhani tutacheka pamoja. Aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Kisha akaniambia kwamba Alhamisi ile laini haikukatika. Kisima cha mafuta kiliripuka kwa gesi. Walikimbia kwa miguu jangwani, na siku mbili nzima hakujua kama mwenzake aliyelala naye chumba kimoja yu hai. Alikuwa hai, alhamdulillahi, na wengine wote pia. Wakapewa magari warudi makwao.

"Na hukutwambia?"

"Nimefika nimekuta mnalia kwa Yajuji," alisema. "Kisha mkaanza kucheka. Ningewaambia saa ngapi?"

Miaka yote hii baadaye, nikamshukuru Mungu upya. Leo moto ule ungeonekana kwenye kila simu ya Ibra kabla haujazimwa, na mama angejua, na mimi ningejua. Siku hizi hakuna baba anayeweza kufika nyumbani kabla ya habari zake.