Gitaa la Kwaya Lililolegea Kila Jumapili

Mimi sikusoma, lakini duka langu hapa Kalamba nililijenga mwenyewe, na mtu hanichezei. Gitaa la umeme nililonunulia kwaya lilikuwa la bei rahisi, linanguruma hata bila kuguswa. Hayo nilivumilia. Lakini nyuzi zilipoanza kulegea kila Jumapili, nilijua kuna mkono wa mtu. Mpigaji wetu, Musyoka, alikuwa akitaka ninunue lingine la maana.

Nikalifungia chumbani kwangu, ufunguo nikatembea nao. Bado likalegea. Basi Jumapili iliyopita nikasimama kanisani nikataka Musyoka atolewe kwenye kwaya, kwa kuharibu mali yangu.

"Mzee, mimi hulipokea likiwa na moto kama sufuria, na nyuzi za chuma zikipata moto hulegea," akasema Musyoka. "Huwa unaliweka wapi?"

"Wiki nzima chumbani, na Jumapili nalitoa nje, juani, mpaka saa ya ibada," nikamjibu kwa ukali. "Nilipiga ngoma kabla hujazaliwa, kijana. Ngoma isipopashwa moto, ngozi haikazi."

Mke wangu akaficha uso kwa leso.

"Baba Mwende," akasema polepole, "hilo gitaa lina ngozi wapi?"