Mbuzi Niliyeombwa na Bibi

Mdalasini unapobanduliwa mtini una harufu inayong'ang'ania vidoleni hata ukinawa kwa majivu. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Idi kubwa, maana kule kwetu milimani, juu ya Mkuyuni, bibi mzaa mama aliutia kwenye pilau bila ubahili. Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu, naye alikuwa amefuga beberu wa kuchinja, amenona hadi majirani wakamtania kwamba anamlisha kuliko wajukuu. Siku chache kabla ya Idi, beberu akateleza mteremkoni, akaanza kuchechemea.

Mnyama kilema hafai kwa udhiya, sadaka ya kuchinja ya Idi. Hata mtoto wa madrasa alilijua hilo. Mjomba akajaribu kumshawishi mama yake. "Mama, mchinje tu. Nyama ikishaingia chunguni, nani atajua?"

"Yule tunayemtolea anajua," bibi akamjibu. "Nabii Ibrahimu aliambiwa atoe mwanawe, siyo kilichomshinda kukifuga."

Zizini alibaki Chausiku, mbuzi wangu, niliyepewa na bibi mwenyewe siku alipozaliwa. Angeweza kumchukua tu. Mtoto ana sauti gani? Badala yake alikuja akakaa nami jamvini, mjomba akisikia.

"Mjukuu wangu, Chausiku ni mali yako. Nakuomba tubadilishane, beberu awe wako umuuguze. Ukikataa sitachinja mwaka huu, wala sitakununia."

Nilimpenda mbuzi yule. Alinifuata hadi mtoni. Nililia, na bibi hakuninyamazisha. Kisha nikasema, "Mchukue, bibi."

Baada ya swala ya Idi Chausiku alichinjwa, nyama ikagawanywa mafungu matatu: letu, la jamaa na majirani, na la wasio na kitu. Hilo la mwisho bibi alinipa nilipeleke mwenyewe. Nikifika mlangoni na shikamoo yangu, wazee waliitikia, "Marahaba. Bibi yako katuambia mbuzi alikuwa wako." Nilivimba kichwa, sifichi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo wangu siku ile ulikuwa mkubwa kuliko mimi.

Sasa naishi Morogoro mjini. Mbuzi wa Idi naagiza kwa simu, nyama inaletwa na bodaboda. Sidharau, dini ni ileile. Ila wanangu huniuliza kwa nini takbira zinaniliza. Nawaambia si huzuni. Niliwahi kuwa na kitu nilichokipenda, nikaombwa kwa heshima, nikatoa.