Mlinzi wa Ghala la Maziwa

Hakuna mtoto mchanga aliyewahi kunishinda. Nimelea wangu, nikalea wa wanangu, nikalea na wa majirani waliosema wanakwenda sokoni mara moja na kurudi jua limezama. Huyu wa leo, wa miezi minne, ananitazama usoni, ananikunjia uso, kisha anaangua kilio kinachowaamsha wenzake wote waliolala. Ananyamaza pale tu anapopokonywa mikononi mwangu na mwanamume mwenye ndevu.

"Umemshika kama mzigo wa kuni, bibi," ananiambia mwanamume huyo, wala hacheki. "Kichwa kiegemee hapa. Asikie moyo."

Ni saa mbili asubuhi, nyuma ya duka la fundi cherehani. Chumba ni kimoja, kina dirisha moja, na sakafu yake haionekani kwa mikeka na magodoro membamba yaliyovalishwa plastiki. Nepi zimeanikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mtu mrefu akiingia lazima ainame kama anaomba radhi.

Mwanamume huyo anaupinda mgongo, anamtelezesha mtoto nyuma, anamfunika kwa mbeleko ya khanga iliyopauka na kuikaza kifuani kwa fundo moja. Mkono wa kulia unatikisa chupa ya maziwa. Anadondosha tone kwenye kifundo cha mkono, anasikiliza joto lake, anatikisa kichwa na kuiweka chupa ipoe. Mguu wa kushoto, wakati huo huo, umemzuia mtoto mwingine anayetambaa kuelekea mlangoni.

Mtaani wanamwita Mama Mdogo. Jina alipewa na mafundi baiskeli wa upande wa pili wa barabara, na halikuwa la heshima.

"Mama Mdogo, umeshanyonyesha?" wanamwuliza kila anapotoka kumwaga maji.

"Bado wewe tu," anawajibu. "Njoo nikucheulishe."

Wanacheka, naye anacheka. Akirudi ndani kicheko kinabaki mlangoni.

Kabla ya hapo alikuwa mwashi. Aliyeanzisha malezi ya watoto ni mkewe, hapo hapo chumbani. Jengo alilokuwa akijenga mume likasimama, tajiri wake akawa hapatikani, na mwezi ule ule mke akaitwa kiwanda cha sabuni, kazi ya mshahara. Wakaketi wakajadiliana.

"Tulikubaliana nishike watoto kwa wiki mbili, mpaka apatikane mtu," anasema. Wiki mbili hizo sasa zina umri wa kuanza shule.

Mkewe, mwanamke mwenye sauti ya juu iliyozoea kushindana na mashine, anasema ilimchukua muda kuamini. "Siku ya mapumziko nilikwenda kumsaidia. Watoto wakanitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Watoto niliowaanzisha mimi!" Kisha sauti inashuka. "Bombani wanasema nimemlisha kitu. Eti mwanamume mwenye akili zake hawezi. Nikiteka maji wananipisha haraka, si kwa adabu. Wanaogopa nisiwagawie dawa."

Mama mmoja, mfagiaji wa hospitali, anamleta mwanawe hapa kila siku alfajiri. Mwanzoni alikataa. "Nilisema mwanamume na mtoto mchanga wapi na wapi. Lakini yule mama niliyempelekea kwanza alikuwa anamlaza tu mpaka jioni, mtoto kisogo kikawa bapa. Huyu anawageuza. Anawasemesha. Mwanangu neno lake la kwanza lilikuwa 'matofali'."

Mumewe analichukuliaje hilo?

"Mume wangu nimemwambia analelewa na bibi mmoja mnene," anasema, akaangalia pembeni.

Nyuma ya mlango wa chumba kile kuna misumari mitatu. Wa kwanza umetundikwa sweta la bluu la mlinzi, lenye viraka mabegani. Wa pili kofia. Wa tatu rungu.

"Hizi za nani?" mwandishi wa makala haya aliuliza.

"Zangu. Mimi ni mlinzi."

"Mlinzi wa nini?"

"Kamwulize baba," alijibu, akashika shughuli ya kukunja nepi ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Baba yake alikuwa nyapara, msimamizi wa vibarua wa barabara, na jina hilo amelibeba hadi uzeeni. Amekuja kukaa na mwanawe kwa sababu ya mguu uliovunjika; hospitali iko karibu, na daktari amemwamuru atembee kila siku ili mfupa usigande. Ni mtu wa maneno machache na sheria nyingi. Nyumbani kwake mwanamume hakukaa jikoni, hakufua nguo ya mtu mwingine, na hakubeba mtoto.

Basi siku Nyapara alipouliza mwanawe anafanya kazi gani, mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu na familia, alisikia ulimi wake ukijibu peke yake: mlinzi. Wa ghala.

Tangu hapo kila asubuhi anaondoka nyumbani amevaa sweta na kofia, rungu kwapani, na mzee anamsindikiza kwa mawaidha. "Usilale. Mwizi anakuja kwa anayesinzia." Akifika anavua, anatundika, anafunga mbeleko. Jioni anavaa tena. Mtaa mzima unajua, na mtaa mzima umefunga mdomo, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona katika mtaa wowote.

Harufu ndiyo haikufunga mdomo. Jioni moja mzee alimvuta mwanawe karibu, akanusa sweta. "Ghala gani hilo linalonuka maziwa?"

"La maziwa ya unga, baba."

Nyapara akafikiri. "Basi wafanyakazi hamgawiwi hata kopo?"

Ikabidi mlinzi apitie dukani anunue kopo, alibandue bei kwa ukucha, alipeleke nyumbani kama zawadi ya tajiri. Mzee alilipenda. Akawa anauliza la pili litatoka lini.

Hadithi hii hunichekesha hadi hapo. Kinachofuata alinisimulia watoto wakiwa wamelala mchana, kwa sauti ya chini, mkono wake ukipigapiga taratibu mgongo wa mmoja wao bila kukosea mdundo.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Alishikwa na homa. Zahanati ilikuwa mbali, na njia yenyewe inapanda. Mama alikuwa mjamzito, na bado amembeba mgongoni. Baba yuko mbele ameshika mwavuli. Mimi nimeshika upindo wa nguo ya mama. Mama akachoka. Akasema, 'Baba watoto, nipokee.' Baba akatazama barabarani. Vibarua wake walikuwa wanafukia mashimo, wote wamesimamisha majembe wanatuangalia. Akasema, 'Tuwapite kwanza hawa.' Tukawapita. Mbele kulikuwa na wengine. Akasema, 'Tuwapite na hawa.'"

Mkono ukaendelea kupiga.

"Alifia mgongoni. Mama alijua kabla ya kumfungua. Baba alimbeba siku ya kuzika. Ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona na mtoto mikononi."

Hamchukii baba yake, anasema, na alilisema mara mbili. Anasema Nyapara hakuzaliwa na sheria zile; alizikuta, akapewa na za kuwasimamia wengine. "Aliona macho ya wale watu ni mengi kuliko sisi. Mimi nayajua macho hayo. Yako hapo ng'ambo yanaziba pancha."

Hapo ndipo alipotoa kibao. Kilikuwa nyuma ya kabati, kimeelekezwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Ubao umepakwa rangi nyeupe, maandishi ya kijani, na fundi wa maandishi hakuona aibu kukoleza: jina lake kamili, ukoo wa baba yake, na chini yake MLEZI WA WATOTO WACHANGA. Kimekaa pale mwaka mzima. Kukitundika ndiko anakokutaka kuliko kitu kingine chochote.

"Bila kibao wanaoniletea watoto ni wale wanaojua tu, tena wananiletea kwa kujificha. Nataka mtu apite, asome, aingie mchana kweupe," anasema. "Lakini ule ukoo ni wa baba. Siwezi kuutundika barabarani kabla yeye hajausoma. Akitaka anitukane. Ila asome."

"Sasa utamwambia lini?"

"Akishapona mguu."

Mguu haukusubiri. Siku ya tatu ya mazungumzo yetu Nyapara alitii amri ya daktari kupita kiasi, akatembea hadi mtaa huu, akibeba suruali inayotaka kupunguzwa. Akaingia duka la fundi cherehani. Fundi huyo, mama mtu mzima, hakuwahi kumtia mzee huyo machoni, akampokea kwa furaha na kumkaribisha benchi la barazani, ambako mlango wa nyuma ukiwa wazi mtu anaona chumba chote.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanawe alikuwa katikati ya mikeka, mtoto mgongoni, chupa mkononi, nepi begani.

Wakatazamana.

"Ghala liko wapi?" Nyapara aliuliza.

"Ndilo hili, baba."

Mzee akawaangalia watoto mmoja mmoja, kama anayekagua zamu. "Na rungu?"

"Liko msumarini."

Hakutukana. Hakuondoka pia. Alimwambia fundi, "Shona suruali yangu, sina haraka," akaketi benchini akiipa barabara uso na chumba mgongo, mikono miwili juu ya mkongojo. Mafundi baiskeli wa ng'ambo wakaacha kazi ili waangalie vizuri. Mwanawe akaendelea kuwalisha watoto, uji ukimwagika mkekani.

Kabla ya mchana mtoto wa mfagiaji alianza kuchemka. Mlezi alimshika paji, akamshika tumbo. Utaratibu wake ni mmoja na hauvunji: mtoto mwenye homa anambeba mwenyewe hadi zahanati, papo hapo, na fundi cherehani anaacha mashine kukishika chumba. Fundi alikuwa tayari amepiga magoti kwenye beseni anamwosha mmoja, sabuni hadi kwenye viwiko. Alibaki yule wa miezi minne, mgongoni, na mgongo ulikuwa unahitajika.

Akamfungua. Akatoka naye barazani, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba," alisema, "nipokee."

Nilimwona Nyapara akishtuka kwa neno lile. Macho yake yakaenda barabarani. Ng'ambo pale, mafundi wamesimama na spana zao mikononi, wote wanatuangalia.

"Mweke hapo," alisema mzee.

Mwanawe akamlaza mtoto kwenye mkeka miguuni pa baba yake. Akamfunga mgonjwa mgongoni, akaondoka mbio.

Mtoto aliyebaki akaanza kulia. Bingwa wa kulea, yaani mwandishi wenu, akasogea kwa madaha kumbembeleza. Mtoto akafumbua jicho, akanitambua, akaongeza sauti. Nikarudi ndani kusaidia kuosha, kazi ambayo beseni haliwezi kulalamikia. Kilio kikapanda, kikawa cha kukosa pumzi.

Kisha kikakatika, kama mtu amefunga bomba.

Nikageuza shingo. Fundi cherehani akanidaka mkono kwa vidole vyenye povu.

"Usichungulie, dada," alininong'oneza. "Ukichungulia atamweka chini."

Basi hatukuchungulia. Tulisikia tu. Benchi lilikuwa linalia polepole, nyuma na mbele, na juu yake sauti nzito iliyokwaruza ilikuwa ikiimba kitu kisicho cha watoto: haya vuta, haya simama, haya vuta, ule mwitiko wa vibarua wanaovuta mzigo barabarani. Ila aliuimba chini sana, kama anayeogopa kuwaamsha vibarua wenyewe. Ng'ambo ya pili hakuna aliyecheka. Fundi, mama wa watu, akamwosha mtoto mmoja sehemu ile ile muda mrefu, machozi yakimdondoka kwenye beseni.

Mlezi alirudi jasho likimtiririka. Mtoto amepata dawa, homa imeanza kushuka, mama yake ameitwa kutoka kazini na yuko naye. Alipoyasema hayo ndipo akaangalia chini.

Yule wa miezi minne alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka, pale pale alipowekwa, kichwa kimeegemezwa vizuri kwenye kofia ya mzee iliyokunjwa.

"Nani amemnyamazisha?"

"Amenyamaza mwenyewe," alisema Nyapara, macho barabarani. "Mimi sijamgusa."

Mwanawe akazunguka nyuma ya benchi. Kwenye koti jeusi la baba yake, kuanzia begani kushuka mgongoni, mahali ambapo mwenye koti hawezi kupaona, kulikuwa na mchirizi mweupe mbichi.

"Na hili la begani, baba?"

Mzee akapinda shingo, hakufika. Akapeleka mkono, akagusa, akautazama unyevu vidoleni.

"Ndege," alisema. "Ndege wa mji huu hawana adabu."

Mlezi akatoa nepi safi begani kwake na kuanza kumfuta, taratibu, kwa mkono ule ule unaojua mdundo.

"Ndege gani huyo, baba, anayenuka maziwa?"

Nyapara akainua macho, akalikagua bati la baraza kutoka ukuta hadi ukuta, akitafuta tundu alimopitia.