Viateur Apanda Ziwani

Kanisa lao pale Kibabi hubatiza mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, katika ziwa dogo lililo juu kabisa mlimani, kupita msitu wa mianzi, mahali ambapo hata ng'ombe hawafiki bila kusukumwa. Mto uko chini, karibu, lakini wapi! Walioanzisha kanisa walisema anayetaka kuzaliwa upya apande kwa miguu yake mwenyewe. Anayebebwa kwa kipoyi, ile machela ya wagonjwa, angoje mwaka unaofuata.

Viateur alikuwa mpishi wa kasiksi, pombe ya ndizi, tangu ujana wake, na kasiksi yake ilikuwa tamu, tusidanganyane. Lakini kanisa halimbatizi mpika pombe, na asiyebatizwa hali Meza ya Bwana, basi mke wake Verdiane alikwenda peke yake, mume akibaki kwenye benchi la nyuma. Mwaka huu akaacha kupika, mtumbwi wa kukamulia ndizi akaupasua kuni. Goti lake la kushoto lilikuwa limeharibika, naye alijua asipopanda safari hii hatapanda tena. Alitaka kula Meza ya Bwana na mke wake kabla ya kufa. Ni hilo tu.

Sasa siku yenyewe mzee akafanya kituko. Utotoni alisoma kwa mapadri, nao walimfundisha kwamba sakramenti haipokelewi na aliyeshiba. Basi tangu mchana wa jana yake hakutia kitu mdomoni, wala hakumwambia mtu. Wenzake waliamka wakajaza matumbo kwa maharage na muhogo. Yeye akajishughulisha na nyimbo.

Kwenye mianzi njaa ikaanza kumrudisha nyuma. Tope, mizizi, baridi ya kuingia mifupani. Wenzake wakatangulia na vikapu vya chakula, nyimbo zao zikafifia mpaka zikapotea. Kilipobaki kipande cha mwisho, kile kinachosimama wima, Viateur akakaa chini.

"Haukukula?" Verdiane, aliyebaki nyuma pamoja naye, akamuuliza.

"Muntu haendaka kwa Mungu na tumbo inajaa."

"Yesu wangu! Batizo iko operasio ya hospitali?"

Viateur akalia, mtu mzima, bila kujificha. "Turudi, mama. Nimeshindwa."

Verdiane akafungua kamba yake, ile anayobebea magunia ya maharage, ambayo hukaa kwenye paji la uso. Akaipitisha chini ya mapaja ya mumewe, akainama, akasimama naye mgongoni.

"Watu watatuona!"

"Gunia haisemaka. Nyamaza."

Walipofika, Pasta Sylvain alikuwa ameshatoka majini, amevaa koti, meno yanagongana. Waumini wengine walikuwa wanazuia vicheko.

"Papa Viateur," pasta akasema, na alisikitika kweli, "unajua sheria. Itakuwa mwaka kesho."

Viateur akateremka kutoka mgongoni, goti likimuuma. Alishageuka kushuka mlima Verdiane alipomkamata mkono, jasho likimtiririka usoni.

"Papa Pasta, kila ndoa unatusomeaka kama bibi na bwana iko mwili moja. Sasa angalia hii miguu." Akainua kitenge mpaka juu ya vifundo, tope tupu. "Hii njo miguu ya bwana yangu."

Pasta akaiangalia ile miguu. Kisha akavua koti, akampa mtu alishike, akaingia tena kwenye yale maji ya baridi huku akiguna.