Jiwe Nililolichemsha Jikoni

Kwanza nilisikia kikohozi.

Si kikohozi cha mafua. Kilikuwa kama mbao inayopasuliwa, kikitoka jikoni. Mimi nilikuwa sebuleni, nakwangua kioo cha tangi la samaki.

"Mume wangu," bibi akaniita. Ndio utani wetu wa kila siku, bibi na mjukuu wake, ila sauti haikuwa yake. "Unapika nini kinachokaba hivi?"

Nilikuwa nachemsha jiwe.

Ngoja niwaeleze. Nina tangi dogo la maji ya chumvi. Samaki wawili, mawe matatu. Mwezi mzima tangi lilikuwa limevamiwa na mwani uliong'ang'ania mawe, kijani kibichi, mrefu kama nywele. Nikiung'oa Jumatatu, Alhamisi umerudi na ndugu zake.

Muuza samaki alinishauri. "Punguza taa. Punguza chakula. Badilisha maji kidogokidogo, halafu vuta subira."

Mimi na subira, wapi na wapi! "Dawa yake ni maji ya moto," nikamjibu. Alikuwa bado anasema kitu nilipompa mgongo.

Basi, niliposikia kile kikohozi nikakimbilia jikoni. Mvuke tupu, dirisha limefungwa. Bibi ameshika ukingo wa sinki, miguu inamtetemeka, midomo imebadilika rangi.

Nikazima jiko, nikambeba mpaka nje. Alikuwa mwepesi kama nguo. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Mdomoni nikasikia ladha ya chuma. Kifua changu nacho kikaanza kuwaka.

Hospitalini daktari akauliza, "Mmevuta nini?"

"Mvuke wa jiwe."

"Wa nini?"

Nikampigia muuza samaki, daktari akisikiliza.

"Hilo jiwe lina vidude kama maua?" akauliza.

"Vipo. Vya rangi ya chungwa."



"Wale ni wanyama, kijana. Wengine wana sumu kali. Ukiwachemsha, inapanda na mvuke. Ndicho nilichokuwa nakwambia ukaondoka."

Nilidhani naua mwani, kumbe namuua bibi yangu.

Muuguzi akamwekea oksijeni. Nilikaa pale nikihesabu pumzi zake. Kila moja ikichelewa, yangu inasimama.

Alasiri akafungua jicho moja.

"Samaki wamekula?"

"Bibi, achana na samaki!"

"Mimi huwapa mkate kila asubuhi, wewe ukiwa umelala. Wananitazama kwa njaa, maskini."

Mkate!

Mwezi mzima mkate unaozea majini, na mwani unanenepa. Adui niliyemchemshia maji alikuwa huruma ya bibi.

Ndugu zangu, swali moja tu lingetosha: nani mwingine anawalisha? Sikuuliza, kwa sababu niliamini anayejua haulizi. Ujuaji wa namna hiyo huzika watu.

Bibi akanishika kidole. "Na wewe mume wangu, jeuri utaiacha lini?"

Machozi yalinitoka, sikuyaficha.

"Leo, bibi," nikasema kwa sauti, wodi nzima ikageuka. "Nakuahidi mbele ya huyu muuguzi: nisichokijua, nitauliza. Na nikijibiwa, nitanyamaza."