Tai ya Mwalimu wa Kiingereza

Tangazo lilisema Kozi ya Majira ya Joto. Ilikuwa Julai, mwezi ambao kwetu Bigwa ukungu unashuka mlimani alfajiri na kukaa mpaka jua limepanda, na mama alikuwa anakwenda kumwagilia kabichi zake kajitanda khanga mbili. Nikamwuliza mwalimu, joto lenyewe liko wapi? Akanijibu kwa Kiingereza kwamba Uingereza Julai ni joto. Basi tukafungua madirisha yote tukatetemeka pamoja, kimataifa.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua chuo. Ghala la ushirika pale Mafiga, lililonuka magunia tangu nazaliwa, lilipakwa rangi ya buluu likawa taasisi ya kimataifa. Ukimataifa wenyewe ulikuwa Mrundi mmoja mpole, naye hakukaa sana, aliaga akisema Kifaransa chake kinamtosha. Tuliobaki tulikuwa sisi wa hapahapa nchini, tuliotarajiwa kuwa wa kimataifa tukishafika Ulaya.

Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusomea kilimo katika chuo kikuu cha Ulaya. Nafasi ilikuwa na sharti moja: nimalize kozi, kisha mtahini kutoka kwao aje anisikilize nikizungumza, aseme nafaa. Asiposema, nafasi anapewa mwingine, hakuna kurudia. Mama alikuwa ameshatangaza kuanzia kanisani mpaka sokoni, na wanawake wa jumuiya walikuwa wameanza kuniandalia kiti nikipita. Nilitaka kwenda, jamani. Nilitaka mpaka nikawa naota theluji, na theluji sijawahi kuiona.

Mwalimu wetu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyewahi kukaa Uingereza, hata mwaka haukuisha. Huo muda ulimtosha kusahau Kiswahili chote. Alivaa tai ya milia myekundu kila siku ya Mungu, na getini alipiga marufuku shikamoo. Mama mfagiaji, mtu mzima mwenye wajukuu, tulitakiwa tumpe gudi moning kisha tupite zetu. Tulikuwa tunasubiri mwalimu ageuke, ndipo tunampa shikamoo yake kwa kunong'ona kama watu wanaouza magendo. Kwa muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara, mwalimu alinunua kwa kunyoosha kidole, maana Kiswahili hakijui. Yule mama akawa anatuuliza sisi, "Bubu wenu leo anataka mangapi?"

Alitufundisha mengi. Kuomba radhi hata ukikanyagwa wewe. Kusifu hali ya hewa, iwe nzuri au mbaya. Kula ugali kwa uma na kisu, na mimi kwa macho yangu nimeona sima ikikatwa vipande kama keki ya harusi huku mchicha unapoa. Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa mazungumzo huru. "Siku ya mtahini," alisema, "zungumzeni kama mnavyozungumza kwenu. Wazungu wanapenda mtu aliye huru." Tukaandika. Sisi tulikuwa wanafunzi wasikivu, na usikivu ndio uliotuponza.

Mwenzangu wa mazungumzo hayo alikuwa kijana kutoka Tabora, naye Mnyamwezi, naye akisubiri nafasi yake. Sasa, Mluguru kama mimi na Mnyamwezi ni watani tangu mababu walipokuwa wakipita na misafara kwa miguu. Mtani wako anakutukana mbele ya wakwe, anachukua kuku wako bila kuomba, anakuita mtumwa wake, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umekuwa kituko. Mimi na yule kijana tulianza siku ya kwanza ya kozi, aliponiona nashuka mteremko wa Bigwa akauliza kama leo nimeshushwa kwa kamba au nimeanguka mwenyewe. Tangu hapo tukawa ndugu. Andazi moja tuligawana.

Mtahini akaja, mzungu mrefu mwenye sauti ya upole, kavaa makubazi. Akatuketisha wawili wawili, mwalimu kasimama ukutani na tai yake. Tukapewa mada: maisha ya nyumbani. Mwenzangu akaanza, kwa Kiingereza kilichonyooka kweli, wala simsifii kwa utani.

"Watu wa huyu wanalima ukutani," akamwambia mtahini. "Mtu akipalilia asipojifunga kamba, jioni anaokotwa bondeni Mlali."

Mtahini akatabasamu kidogo. Nikasema moyoni, haya, uhuru ndio huu, nisibaki nyuma.

"Usimsikilize," nikasema. "Huyu ni mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa boga, na boga lenyewe lilikuwa limeoza. Mpaka leo ukoo wao kichwa ni bapa kwa kubeba mizigo yetu."

"Mtumwa ni wewe," akajibu. "Ukifa nitakuzika kichwa chini, na ng'ombe zenu nitachukua."

"Ng'ombe? Mlimani kwetu ng'ombe atasimama wapi, mjinga wewe?"

Weee! Tulikuwa tunatiririka. Sijawahi kuongea Kiingereza kitamu namna ile, kabla wala baada. Ndipo nikamwona mtahini ameacha kuandika, uso umemshuka, anatuangalia kama watu walioshikiana mapanga. Akageuka kumtazama mwalimu. Na mimi nikamtazama mwalimu. Alihitajika kusema sentensi moja tu: hawa ni watani. Hakuna Mnyamwezi asiyeijua sentensi hiyo, hata awe amekaa Uingereza au mwezini.

Mwalimu akanyoosha tai yake. Akasema anasikitika sana kwa niaba ya chuo.

Baada ya chakula cha mchana mtahini alituita, akatueleza polepole kama wagonjwa. Kiingereza chetu ni kizuri. Bahati mbaya tuna chuki ya kikabila, mmoja wetu anadai kumiliki binadamu, na chuo kikuu hakiwezi kuhatarisha amani ya mabweni yake. Akatushauri tutafute ushauri nasaha. Mimi! Na huyu niliyekunywa naye chai asubuhi ile ile! Nikajaribu kumweleza kwamba sisi tunatukanana kwa sababu tunapendana. Nikaona anazidi kunihurumia.

Nilifika nyumbani nikalia mpaka sauti ikanikauka. Mama alikuwa anachambua mchicha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwanza pale kwenye boga lililooza, kisha akauliza.

"Mwalimu wenu kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Mnyamwezi!" Akaweka kisu chini. "Na akanyamaza?"

Asubuhi akajifunga khanga yake nzuri, akateremka nami mpaka Mafiga. Mtahini na mwalimu walikuwa uani wanakunywa chai. Mama hakusalimu. Alimwendea mwalimu moja kwa moja, akamshika tai, akaifungua kwa mikono ya mtu aliyezoea kufungua mbuzi, akajivika shingoni.

"Mtumwa mkubwa wewe," akasema, "umeficha wapi ulimi wako? Umeuacha Uingereza, au waliukata wakaufanya supu? Mwacha mila ni mtumwa, na wewe ulishakuwa mtumwa tangu zamani, sasa umekuwa mara mbili. Hii tai nimechukua. Niue."

Mwalimu alijikaza, mashavu yakamvimba, macho yakamtoka. Halafu kikampasuka kicheko, kicheko cha Tabora kabisa, akajipiga mapaja.

"Wewe Mluguru," akasema, kwa Kiswahili, "umeshushwaje huko juu leo? Kwa kapu?"

Ala! Kumbe hajasahau. Wakatukanana pale mpaka mfagiaji akakaa chini na ufagio wake kwa kucheka. Mtahini alikuwa anatazama huku na huku, haelewi. Mwalimu akamweleza, sasa ndipo akamweleza, kwa Kiingereza kizuri chenye mifano na historia ya misafara. Mzungu akafurahi ajabu. Akaleta kamera, akampiga mama picha na tai yake, akaomba warudie matusi taratibu apate kuandika. Alisema ni mambo ya kitaalamu sana, kwao watayasoma.

Nikamwuliza, na nafasi zetu?

Akasikitika. Majibu alikuwa ameshayapeleka kwa faksi.

Basi. Picha ya mama ikaenda Ulaya, mimi nikabaki. Mwenzangu alirudi Tabora kwenye mizinga ya nyuki ya baba yake. Mimi nikaishia kufundisha Kiingereza shule ya msingi, na kila Julai ukungu ukishuka huwa nina hasira ambayo wanafunzi wangu hawajui inatoka wapi. Iliniuma. Inaniuma bado, sitaki kudanganya. Tai mama aliitumia kufungia mbuzi.

Mama alifariki miaka mingi baadaye, ghala lilikuwa limeshageuka duka la saruji. Siku ya kuzika, tukiwa tumeshafika kaburini, mzee mmoja alipenya kati ya watu, akakalia rundo la udongo na kukumbatia jembe.

"Huyu Mluguru hazikwi!" akapiga kelele. "Aliniibia mchana kweupe, mbele ya mzungu! Tai yangu kwanza!"

Watu wote wakaangua kicheko, mapadri nao. Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Nikaenda bandani, nikaifungua tai kwenye kigingi, imekakamaa kwa mavi ya mbuzi, nikamletea. Akaivaa hivyohivyo juu ya shati lake jeupe, akashuka, na jeneza lilipoteremshwa akaanza kutupia udongo kwa nguvu kuliko vijana wote.

Nikamsogelea. Nikamwuliza taratibu, siku ile ya mtahini, sentensi moja tu, kwa nini hukuisema?

Hakuinua kichwa. Alitupa jembe moja la udongo, akatupa jingine.

"Nilikuwa nimevaa tai, mtani," akasema.